Hifadhi za mijadala ya barua pepe zisiachwe mikononi mwa seva moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo kwa miaka mingi nililiona kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, na ambalo sasa naliona kuwa la kila mtu anayejali kumbukumbu za lugha yetu na za maamuzi yetu ya umma. Nazungumzia orodha za barua pepe, yaani ule utaratibu ambao mtu hutuma barua kwenye anwani moja nayo ikawafikia wanachama wote, wawe mia au elfu, na kila jibu likasomwa na wote. Nazungumzia hasa hifadhi zake zilizomo kwenye tovuti, ambamo barua hizo hubaki baada ya mjadala kwisha na wanachama kutawanyika.

Mapema mwaka huu alinijia kijana anayeandika tasnifu kuhusu istilahi za kompyuta katika Kiswahili. Katika kazi ya mtafiti aliyemtangulia alikuta rejeo la barua ya Machi 2005, iliyotumwa kwenye orodha ya wafasiri ambayo mimi nilikuwa mwanachama wake, na ambayo ilieleza kwa kirefu kwa nini mwandishi wake alipendelea neno tarakilishi kuliko kompyuta. Kijana aliifuata anwani ile mtandaoni, ukurasa ukafunguka vizuri, akakuta tangazo la mazishi. Akaanza kumshuku mtafiti yule kwamba ametunga rejeo.

Hakutunga. Orodha yetu iliendeshwa kwa programu iitwayo Mailman, toleo la pili, ambalo kihifadhi chake huitwa Pipermail. Pipermail hupanga barua mwezi kwa mwezi na kuipa kila barua namba kwa zamu ya kufika, na namba hiyo ndiyo huwa anwani ya barua kwenye tovuti. Barua iliyorejelewa ilikuwa 000412. Nilikumbuka kwamba miaka kadhaa baadaye msimamizi aliombwa kuziondoa barua tatu za mwanzo mwanzo, kwa kuwa zilikuwa na namba za simu na habari za ugonjwa wa mtu, naye akafanya ilivyompasa: alizifuta katika faili kuu yenye barua zote, kisha akaiamuru programu ijenge hifadhi upya. Programu ikahesabu tena tangu mwanzo, na kila barua iliyofuata ikashuka nafasi tatu. Nikamwambia kijana arudi nyuma barua tatu, na kwenye 000409 tukaikuta hoja yote ya tarakilishi, neno kwa neno.

Nimefanya kazi ya ukutubi kwa zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuona rafu inayojisogeza yenyewe usiku. Kiungo kilichokatika humwambia msomaji kwamba kimekatika, naye akaenda kutafuta kwingine. Kiungo kinachofunguka na kuonyesha barua isiyohusika humfanya msomaji amdhanie mwenzake kuwa mwongo. Kosa hilo halikutokana na uzembe wa mtu yeyote, bali lilikuwa limejengwa ndani ya namna ya kutoa anwani, na bado limo katika hifadhi nyingi zinazotumia programu hiyo ya zamani.

Tulipoendelea kusoma pamoja tuliona mengine. Wanachama wengi wa wakati ule waliandika kwa kutumia huduma za barua za bure ambazo zilituma maandishi kwa mtindo wa kurasa za tovuti, wenye rangi na herufi za kukolezwa. Pipermail haikuupenda mtindo huo, na pengine kwa sababu nzuri za usalama. Iliung'oa mwili wa barua, ikauweka pembeni kama kiambatisho, na mahali pake ikaacha sentensi moja ya Kiingereza inayosema kwamba kiambatisho kimeondolewa, pamoja na kiungo cha kukifikia. Taasisi iliyotunza orodha yetu ilipohamia kwenye seva mpya, faili za barua zilihamishwa na folda ya viambatisho ikasahaulika. Kwa hiyo tuna kurasa nyingi zenye jina la mwandishi, tarehe, kichwa cha habari, na chini yake ile sentensi moja tu. Miongoni mwa waliopotea hivyo yumo mzee mmoja wa Lamu ambaye naamini ndiye aliyekuwa na Kiswahili kizuri kuliko sisi sote.

Kuna pia suala la mwezi. Kwa kuwa kila mwezi una faharasa yake, mjadala ulioanza tarehe 29 na kuendelea hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata hukatwa katikati kama uzi. Msomaji wa mwezi wa kwanza hafahamu kwamba swali lilijibiwa, na wa mwezi wa pili anakuta majibu yasiyo na swali. Nusu ya mijadala yetu mikali ilikuwa ya namna hiyo, maana watu wengi waliandika mwisho wa mwezi, walipokuwa na fedha za kukaa kwenye mgahawa wa intaneti.

Kisha ritifaa. Msomaji asiyeandika Kiswahili anaweza kuliona kuwa jambo dogo, lakini sisi hatuwezi kuandika ng'ombe, ng'ambo, mng'aro wala kung'amua bila alama hiyo. Baadhi ya wanachama waliandika ritifaa iliyonyooka, kama ilivyo kwenye kibodi. Wengine waliandika kwanza katika programu ya kuchapia ambayo iliipinda bila kuulizwa. Ritifaa iliyopinda, katika UTF-8, ambao ni msimbo wa kuwekea herufi ndani ya kompyuta, huhifadhiwa kwa baiti tatu, yaani vipande vitatu vya data, na programu inayodhani kwamba kila baiti ni herufi moja huonyesha herufi tatu za ajabu mahali pa alama moja. Ndiyo maana hifadhi yetu imejaa maneno kama ngâ€™ombe, na kwingine ng?ombe, ambapo alama yenyewe imepotea kabisa na kuacha kiulizo. Anayetafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka hapati hata moja kati ya hayo. Anaweza kuhitimisha kwamba wafasiri wa Kiswahili wa mwaka 2005 hawakuwahi kutumia neno lenye sauti hiyo.

Yawezekana msomaji akauliza kwa nini tuhangaike na barua za watu waliokuwa wakibishana juu ya maneno. Nitajibu kwa mambo mawili. La kwanza ni lugha yenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, na kazi ya namna hiyo ililazimu watu waamue, neno baada ya neno, tuite nini kile ambacho hakikuwa na jina. Kamusi humwonyesha msomaji neno lililoshinda. Haimwonyeshi yaliyoshindwa, wala aliyeyapendekeza, wala sababu ya kukataliwa, ambayo mara nyingine ilikuwa kwamba neno lina maana mbaya Unguja ingawa ni safi Nairobi. Hayo yote yamo kwenye barua.

La pili ni maamuzi ya umma. Kanuni na sera zinazoendesha intaneti zimetengenezwa kwa sehemu kubwa kwenye orodha za barua pepe. Jopo la wahandisi liitwalo IETF, ambalo hutunga kanuni za kiufundi za mtandao, limeandika tangu 1998 kwamba uamuzi uliofikiwa kwenye mkutano wa ana kwa ana ni lazima upitiwe tena kwenye orodha ya barua pepe, ili asiyekuwa na nauli asinyimwe sauti. AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, ambayo hugawa anwani za intaneti kwa bara letu lote, hujadili mapendekezo ya sera zake kwenye orodha iliyo wazi kwa mtu yeyote kujiunga. Nchini Kenya, mtandao wa KICTANet umekuwa na orodha ambayo watunga sera, wafanyabiashara, wanasheria na raia wa kawaida wamejadili humo sera na miswada ya mawasiliano kwa miaka mingi. Anayetaka kujua kifungu fulani kilitoka wapi na nani alikipinga atalazimika kusoma barua hizo. Hizi ni kumbukumbu za umma kwa maana ile ile ambayo mihtasari ya vikao ni kumbukumbu za umma, ingawa hazina muhuri wala jalada la kamba.

Sasa niseme ninachoona kuwa ndicho kiini cha tatizo, maana naona watu wakizungumzia kuboresha hifadhi hizi huanza na sura yake: rangi, vitufe, picha za wanachama, alama za kupenda barua. Sipingi sura nzuri. Lakini hifadhi ya namna hii huwa na ubora mmoja unaotangulia mingine yote, nao ni kwamba mtu wa pili aweze kuichukua nzima, akaitunza kwake, na barua ikabaki na anwani ile ile kwa aliyeitoa na kwa aliyeichukua. Pasipo hilo tunapamba nyumba ya kupanga.

Mifano miwili inatosha. Mwaka 2002 Mnorwei mmoja, Lars Magne Ingebrigtsen, alianzisha Gmane, hifadhi iliyokusanya maelfu ya orodha za barua pepe za dunia nzima, na kwa zaidi ya miaka kumi watu waliandika viungo vya Gmane kwenye vitabu, kwenye ripoti na ndani ya programu zenyewe kana kwamba ni maktaba ya taifa. Mwaka 2016 kurasa zake za tovuti zikazimwa. Ilikuwa kazi ya kujitolea, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kuchoka. Lililonigusa ni hili: wale walioandika viungo vyenye kitambulisho cha barua yenyewe, ambacho nitakieleza hapa chini, waliweza kuipata barua hiyo hiyo kwenye hifadhi nyingine, na wale walioandika namba iliyotolewa na Gmane walibaki na kitendawili.

Mfano wa pili uliwagusa watu wetu zaidi. Makundi ya Yahoo yaliwahifadhi wanafunzi walio ughaibuni, vyama vya watu waliotoka wilaya moja, waimbaji wa kwaya, wapenzi wa mashairi. Oktoba 2019 ilitangazwa kwamba yaliyomo humo yangefutwa Desemba; kwa waliotaka nakala za vitu vyao muda ukasogezwa hadi mwisho wa Januari 2020; na Desemba 2020 huduma yote ikafungwa. Watu wa kujitolea waliokoa walichoweza. Lakini msimamizi wa kundi dogo la Kiswahili, ambaye pengine alikuwa na miaka mitano hajafungua sanduku lake, hakuwa na habari, na hapakuwa na mtu wa pili aliyekuwa na nakala.

Dawa ya jambo hili haihitaji ugunduzi. Kila barua pepe hubeba kwenye kichwa chake, yaani mistari ya taarifa inayotangulia maandishi, kitambulisho kinachoundwa na programu iliyoituma, chenye herufi na tarakimu zisizofanana na za barua nyingine yoyote. Kanuni za barua pepe zimekitambua tangu miaka ya sabini. Jibu, nalo, hubeba vitambulisho vya barua zinazojibiwa. Kwa maneno mengine, barua inajua jina lake na inajua wazazi wake. Hifadhi ikitengeneza anwani ya tovuti kutokana na kitambulisho hicho badala ya namba ya zamu, basi unaweza kufuta barua tatu, au mia tatu, na nyingine hazitasogea; unaweza kuhamia seva mpya na viungo vya zamani vikafanya kazi; unaweza kuunganisha mjadala uliovuka mwezi au mwaka bila kubahatisha kwa kulinganisha vichwa vya habari. Tangu 2007 kuna hata kanuni inayoruhusu barua kubeba, ndani yake, anwani ya mahali itakapohifadhiwa, ili aliyeipokea aweze kuirejelea siku hiyo hiyo.

Mailman toleo la tatu, lililotoka 2015, hufanya hivyo kupitia kihifadhi chake kiitwacho HyperKitty: anwani ya barua ni mfuatano wa herufi na tarakimu 32 unaotokana na kitambulisho, na hautegemei ilifika ya ngapi. Wanaotengeneza kiini cha Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 walifungua hifadhi yao iitwayo lore, inayotumia programu huria ya public-inbox, ambayo huweka kila orodha kwa namna ambayo mtu yeyote, bila kuomba ruhusa, anaweza kuinakili nzima nyumbani kwake na kuendelea kupokea barua mpya zinapoingia. Walipotaka kujaza mapengo ya miaka ya nyuma waliwaomba waliokuwa wametunza barua katika masanduku yao wazilete, na kwa kuwa kila barua ina kitambulisho, zilizoletwa na watu kumi zilitambuliwa kuwa moja bila kubishaniwa. Hivyo ndivyo mashairi ya Muyaka yalivyotufikia sisi wa pwani: yalikuwa vichwani mwa watu wengi wa Mombasa, na Mwalimu Sikujua alipoketi kuyakusanya pamoja na mmisionari Mwingereza Taylor, alikuwa na wa kuwauliza.

Hapa natoa tahadhari ambayo mafundi vijana hawataipenda. Si kila kilicho kipya ni bora kwa hifadhi. Kurasa za Pipermail, pamoja na dosari zake zote, ni maandishi matupu. Hufunguka kwenye simu ya bei nafuu kwa kifurushi kidogo, na roboti za Internet Archive, ambayo tangu 1996 imekuwa ikikusanya nakala za tovuti, huzisoma bila shida. Baadhi ya kurasa mpya huleta barua ya kwanza peke yake, kisha huita majibu kwa programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kivinjari. Roboti isiyoweza kuendesha programu hiyo huondoka na swali na kuacha majibu, na msomaji aliye mbali na mnara wa simu hupata kiduara kinachozunguka. Napendekeza kila hifadhi iwe na ukurasa wa maandishi matupu kwa kila barua na kwa kila mjadala mzima, hata kama ukurasa wa kupendeza upo, na iwe na mahali palipo wazi pa kupakua faili asili ya barua zote, zikiwa na vichwa vyake kamili na viambatisho vyake.

Utafutaji wetu nao unahitaji akili yake. Programu nyingi za kutafuta zilijengwa kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni, hivyo zimefundishwa kukata mkia. Kiswahili hubadilika mwanzoni na katikati pia. Mtu akitafuta tafsiri, anastahili kupata pia tulivyoitafsiri, wasitafsiri na zilizotafsiriwa. Programu inayolinganisha neno zima haitampa hata moja. Kuna njia rahisi ambayo haihitaji programu ijue sarufi: faharasa ijengwe kwa vipande vya herufi tatu tatu badala ya maneno mazima, kisha kila ritifaa, iliyonyooka au iliyopinda, ichukuliwe kuwa alama moja wakati wa kutafuta. Maandishi asili yasiguswe. Usahihishaji ufanywe kwenye faharasa na kwenye kinachoonyeshwa, kwa sababu anayerekebisha nakala pekee aliyo nayo siku moja atakosea, naye hatakuwa na pa kurudi.

Sijasahau faragha, na sitaki nieleweke kwamba kila kitu kianikwe. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022, na zote mbili zinampa mtu haki juu ya habari zake. Orodha iliyoanzishwa kuwa ya faragha ibaki ya faragha, hata kama wanachama wake wote wamezeeka. Kwa orodha zilizo wazi, namba za simu na anwani za nyumbani ambazo watu huziweka chini ya sahihi zifichwe kwenye kurasa kabla ya kuchapishwa, kwa maana nakala ikishatoka hairudi yote. Na barua ikiondolewa kwa ombi la haki, mahali pake pasizibwe. Sisi wakutubi tukiondoa kitabu rafuni huacha kadi inayosema kimeondolewa lini na kwa sababu ya namna gani. Hifadhi iache ukurasa wa namna hiyo kwenye anwani ile ile, bila jina la mtu na bila maneno ya barua, ili anayefuata rejeo ajue kwamba palikuwa na kitu, na walio na nakala wajue kwamba nao wanaombwa kuondoa. Kama msimamizi wetu angekuwa na njia hiyo, barua tatu zingeondoka na tangazo la mazishi lisingekaa mahali pa hoja ya mtu mwingine.

Wakati wa kufanya haya ni sasa, kwa sababu moja ya kiufundi ambayo wakuu wa taasisi huenda hawajaelezwa. Mailman ya pili inategemea Python ya pili, na lugha hiyo ya programu iliacha kuhudumiwa na watengenezaji wake tarehe 1 Januari 2020. Kila chuo, kila chama na kila wizara yenye orodha ya zamani italazimika kuhama, kama haijahama, au itazima. Kuhama kukifanywa vizuri ndiyo nafasi ya kurekebisha yote niliyoyataja: faili kuu ya barua huingizwa kwenye toleo jipya, mijadala ikaunganishwa, na kurasa za zamani zenye namba zikaachwa mahali pake zisomwe tu, zisijengwe upya kamwe. Kukifanywa vibaya, anayepewa kazi atahamisha majina ya wanachama na nywila zao, atauliza kama kuna mtu anayehitaji zile barua za zamani, na kwa kuwa hakuna atakayejibu ndani ya wiki moja, atazifuta ili kuokoa nafasi. Nafasi yenyewe ni ndogo mno. Barua zote za orodha yetu za miaka minane, na viambatisho tulivyonavyo, zimeenea kwenye kidude cha kubebea data ambacho watoto wa shule huhifadhia nyimbo.

Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, na ina sifa ya kutunza. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizoko Dar es Salaam zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 1997. Naomba wanaosimamia Nyaraka za Taifa, bara na Zanzibar, na wenzao wa Nairobi, wazihesabu orodha za barua pepe zinazoendeshwa na taasisi za umma kuwa kumbukumbu, na wadai nakala ya faili asili mara moja kwa mwaka, kama maktaba inavyodai nakala ya kila kitabu kinachochapwa. Naomba pia BAKITA na vyuo vyenye idara za Kiswahili wafanye hivyo kwa orodha za istilahi na tafsiri. Sehemu kubwa ya mazungumzo hayo leo imehamia kwenye makundi ya simu, ambayo hayana hifadhi ya umma kabisa, na ambamo simu ikiibwa bila nakala, maandishi ya miaka kumi huenda nayo. Kwa hiyo kile kilichoandikwa kati ya miaka ya tisini na miaka ya 2010 kwenye orodha za barua pepe huenda kikawa ndicho kipindi pekee ambacho mazungumzo yetu ya kila siku ya kitaaluma yaliandikwa kwa namna inayoweza kutunzwa nzima.

Kuhusu orodha yetu ya wafasiri, nimefanya niliyoyaweza. Faili kuu tumeiomba kwa taasisi husika na tumepewa kwa moyo mweupe. Kijana wangu ameiingiza kwenye public-inbox katika kompyuta yake, nakala ya pili iko kwangu Tanga, ya tatu iko kwa mwanachama wa zamani aliyeko Muscat. Barua ya tarakilishi sasa ina anwani isiyotegemea namba. Zimebaki zile barua ambazo miili yake iling'olewa na folda yake ikasahaulika, pamoja na miezi minne ya mwaka 2007, Juni hadi Septemba, ambayo haimo popote kwa sababu diski iliharibika. Tunavyo vitambulisho vya nyingi kati ya hizo, kwa kuwa barua zilizozijibu zinavitaja. Yeyote aliyekuwa mwanachama miaka hiyo, na ambaye bado ana sanduku lake la zamani la barua pepe au CD aliyohifadhia, namsihi asifute kitu na atuandikie kupitia kwako, Mhariri, hata kama amebakiwa na barua moja.

Wako mtiifu,
Mkutubi mstaafu,
Tanga